Kisanduku cha Matundu Mawili

Kwenye karakana ya kushona sare, meza ya kukatia ni ya Bi Kiasi, na asiyejua hilo hujulishwa siku ya kwanza. Ni meza ndefu kama kitanda cha watu watatu wasioelewana. Juu yake kitambaa hutandazwa tabaka kwa tabaka, kikalainishwa kwa kiganja, kikapigwa chaki, ndipo mkasi unapopewa ruhusa. Wengine wote pale wanashona, yeye anakata. Ukishona vibaya unafumua. Ukikata vibaya, utafumua nini? Ndiyo maana watu wa cherehani, pamoja na domo lao lote, hupunguza sauti akichukua chaki.

Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya vibaki. Karakana nyingine hutoa viroba vya vibaki kila jioni, lakini kwenye meza yake kinachobaki hakijazi mfuko wa shati. Ana namna ya kugeuza karatasi za vipimo, kola ikaingia penye kiuno cha suruali, mkono ukalala ubavuni mwa mgongo, mpaka jora zima likaisha kama lilifumwa kwa kazi hiyo. Ukimsifu hukujibu, "Kiasi chake." Kitambaa kiasi chake, chumvi kiasi chake, maneno kiasi chake. Mtu akimletea salamu ndefu humsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha husema "Wote wazima," na mkutano umefungwa.

Ana ila moja, na tuiseme mapema, maana hadithi nzima inaiegemea. Akihesabu watu, hujisahau. Mdogo wake alipoolewa, Bi Kiasi alikata na kushona nguo ya bibi harusi, za wasimamizi, za shangazi wawili wanene na ya wa tatu aliyejifanya mwembamba. Kitambaa kikaisha sawasawa, hakikubaki hata cha kufungia kidole. Asubuhi ya harusi ndipo watu walipogundua kwamba mkataji mwenyewe hana nguo. Akavaa gauni la kazini, akasimama nyuma kwenye picha. Kinyozi hajinyoi, watu wakasema, wakacheka, naye akacheka nao. Akipakua chakula, sahani hupungua moja. Akipanga viti, yeye husimama. Usimsifu kwa hilo ukadhani ni unyenyekevu. Ni hesabu mbovu tu, na mtu mwenye hesabu kali namna ile kwa mambo ya wengine hafai kusamehewa upesi kwa mambo yake.

Mdogo wake ni mwalimu wa watoto wadogo, wale wanaolia wakiachwa mlangoni asubuhi na kulia tena wakija kuchukuliwa mchana. Watu wote humwita Mwalimu, hata mumewe. Walizaliwa wawili tu, na walilelewa kwenye mashuka. Mama yao alikuwa dobi wa nyumba moja ya wageni, na shuka pana halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja hushika pembe mbili na mwenzake mbili, wanarudi nyuma hadi shuka likaze, kisha wanaendeana mpaka mikono ikutane. Mmoja anaachia, anainama, anaudaka mkunjo wa chini, na safari inaanza upya. Watoto wakikunja kimya huvutana, na wakivutana shuka huanguka sakafuni na kurudi kwenye beseni. Mama yao hakupenda kufua kitu kimoja mara mbili, basi akawafundisha kukunja kwa wimbo:

Shika huku, nami huku,
njoo pole tukutane,
shuka pana tulikunje,
pembe pembe zishikane.

Mkubwa alianza, mdogo akaingia chini yake kwa sauti ya pili. Zilikuwepo nyimbo nyingine, ya foronya, ya vitambaa vya meza, na moja ya mataulo iliyomsema mgeni fulani mchoyo, ambayo iliimbwa tu mwenye nyumba akiwa mbali. Hakuna hata moja iliyokwenda kwa mwendo wa saa. Zilikwenda kwa mikono: shuka likiwa zito wimbo ulivuta, likiwa jepesi ulikimbia. Mama alishafariki, nyumba ya wageni ikageuzwa ofisi, lakini dada hao wakikutana tu, hata kama ni kuosha vikombe viwili, mmoja ataanza na mwenzake ataingia. Majirani walishazoea.

Kisha Mwalimu akaota uvimbe shingoni. Mwanzoni alisema ni baridi, baadaye akasema ni uzee, na hatimaye akakubali kupelekwa hospitali. Daktari aliwaeleza bila kuwazungusha: uvimbe si wa kutisha, lakini umeanza kubana njia ya hewa, lazima utolewe, na mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita papo hapo. Kuongea ataongea. Kuimba, daktari alisema, hilo siwezi kuahidi. Akapangiwa tarehe ya upasuaji, mwanzoni mwa mwezi uliofuata.

Mwalimu aliyapokea hayo kama anavyompokea mtoto aliyejikojolea: bila kelele, macho yakitafuta kitambaa. "Nimeimba vya kutosha," alisema. "Wanangu darasani watapumzika." Aliyeogopa ni Bi Kiasi. Aliogopa, na hakuna haja ya kulivika neno hilo nguo nyingine. Alikuwa amesimama kwenye meza yake, chaki mkononi, ndipo likamjia wazi kwamba kuna sauti moja duniani inayojua kuingia chini ya yake, na inaweza kuondoka ikiwa imelala usingizi wa dawa. Siku hiyo alipiga mstari, akaufuta, akaupiga tena. Watu wa cherehani wakatazamana.

Akaamua sauti ya mdogo wake irekodiwe kabla ya kisu. Si kwa simu. Kwa simu walikwishajaribu, ikatoka nyembamba kama ya mtu aliyefungiwa kabatini. Alitaka irekodiwe vizuri, nyumbani, kwenye kompyuta ya shemeji yake.

Shemeji huyo, mume wa Mwalimu, ni fundi wa friji, mtu mpole anayependa kitu chochote chenye taa ndogo. Kazi ya kuulizia vifaa aliipokea kwa moyo mmoja, na kwa siku kadhaa aliuliza kila mwenye sikio. Alirudi na jambo moja la uhakika: maiki haiongei na kompyuta moja kwa moja. Kati yake lazima kiwepo kisanduku, wenyewe wanakiita saundikadi, kinachopokea sauti upande mmoja kutoka kwenye maiki na kuiingiza kwenye kompyuta kwa waya upande wa pili. Zaidi ya hapo hakuwa na uhakika na lolote, kwa sababu kila aliyemuuliza alisifia cha kwake na kuponda cha jirani.

"Hata hivyo nimepata mwanga," alimwambia Bi Kiasi wakielekea dukani. "Kuna chenye matundu manane. Unachomeka maiki nane kwa pamoja."

"Tuna waimbaji wanane?"

"Hatuna, shemeji. Lakini siku za usoni."

"Siku za usoni zitajinunulia zenyewe."

Duka la vyombo vya muziki limebanwa kati ya duka la dawa na la viatu. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, hedifoni zimemning'inia shingoni, na alikuwa na tabia nzuri ya kuuliza kabla ya kuonyesha.

"Saundikadi ya kufanyia nini? Kuimba, au kuongea, au gitaa?"

"Kuimba," akasema Shemeji.

"Wanaorekodi ni wangapi?"

"Mmoja," akasema Bi Kiasi, bila hata kupumua katikati.

Muuzaji akapanga visanduku vitatu juu ya kioo: kidogo chenye tundu moja la maiki, cha kati chenye mawili, na kile kipana cha manane ambacho Shemeji alikwisha kukishika. Akawaeleza kwamba idadi ya matundu ndiyo idadi ya maiki zinazoingia kwa wakati mmoja, na kwamba kila tundu lina kitufe chake cha kuzungusha: sauti ikiwa ndogo unazungusha kulia, taa ikiwa kijani umepatia, ikiwa nyekundu umezidisha. Ubora wa hiki kidogo na hiki cha kati, alisema, ni ule ule.

"Lakini mama, watu wengi huchukua hiki cha mawili. Tundu la ziada halikai vibaya."

"Tundu lisilo na kazi ni kitambaa kilichokatwa bure," akajibu Bi Kiasi. "Sauti inayopotea ni moja. Tupe cha moja, na maiki moja." Akamgeukia Shemeji, ambaye bado alikuwa anawasha na kuzima taa za kile kipana. "Mchagua jembe si mkulima, shemeji. Kiache."

Shemeji akakiacha. Alikiangalia tena alipofika mlangoni.

Siku ya kurekodi walichagua mchana ambao fundi wa kuchomelea wa ng'ambo ya barabara hafungui. Walitundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi, wakafunga madirisha, na Shemeji akazima friji kwa sababu maiki ilikuwa inausikia mngurumo wake. Mwalimu akakaa mbele ya maiki, skafu shingoni, mikono mapajani kama anasubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Bi Kiasi akakaa pembeni karibu na kompyuta, ametulia kama mtu aliyekwisha kukata vizuri na sasa anangoja kushonewa.

"Haya, Mwalimu," akasema mumewe. "Ukiwa tayari."

Mwalimu akaimba. Akasimama, akaanza tena, akaimba hadi mwisho. Taa ilikuwa kijani muda wote. Shemeji akasema ni nzuri, kwa sauti ile ile anayowaambia wateja kwamba friji itapona, kisha akawasikilizisha.

Wakasikiliza. Haikuwa na kosa, ila haikuwa wimbo. Ilisikika kama mtu anayetafuta funguo zake huku akijiimbia ili asikasirike. Ilipanda mahali pasipo na sababu, ikakaa mahali hapohapo muda mrefu, ikashuka, ikaisha.

"Mbona hivyo?" akauliza Bi Kiasi. "Ongeza moyo kidogo."

"Moyo upo, Dada."

"Basi ni nini?"

"Mimi ni sauti ya pili," akasema Mwalimu. "Ya pili kwa nani?"

Swali hilo lilipaswa kutosha, lakini Bi Kiasi alikuwa ametoka dukani na kisanduku, na mtu aliyetoka dukani na kitu hakubali upesi. Akasema basi ataimba yeye kwanza, kisanduku kihifadhi, kisha Mwalimu aisikie kwenye hedifoni na kuimbia juu yake. Akakaa, akaimba kuanzia mwanzo hadi mwisho akitazama blanketi. Shemeji akasema watu wa studio hufanya hivyo kila siku. Na pengine wanafanya. Lakini Bi Kiasi aliyetazama blanketi hakusimama popote. Alikata wimbo moja kwa moja kama jora. Mwalimu alipovaa hedifoni, mwisho wa mstari wa kwanza ulimkuta hana pumzi, wa pili ukamwacha, na kwenye wa tatu akavua hedifoni na kucheka.

"Hii haingoji mtu," akasema, akishika shingo yake.

Wakajaribu la tatu, wote wawili mbele ya maiki moja. Hapo ikawa shida ya kisanduku kweli. Sauti ya Bi Kiasi ni nene, ya kifuani. Ilimfunika mdogo wake kama blanketi la ukutani. Shemeji akazungusha kitufe chake kimoja, lakini kitufe kimoja huinua wote na kushusha wote. Akamwomba Bi Kiasi arudi nyuma hatua moja. Bado. Nyingine. Akarudi hadi mlango wa jikoni, na kutoka kule akaimba. Sasa Mwalimu alisikika, ila alikuwa hamwoni tena dada yake, na asipomwona mdomo hajui aingie wapi. Ukitaka kujua walivyoonekana, fikiria watu wawili wanaokunja shuka, mmoja akiwa chumba kingine.

Waliacha. Ndipo Shemeji akakumbuka friji, akaenda kuiwasha, akakuta maziwa yamekwisha kuharibika. Fundi wa friji ameharibu maziwa yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka wakanyamaza wote. Kikohozi hicho kilikaa chumbani hata baada ya kwisha. Uvimbe ulikuwa haujasimama kuwangoja.

Bi Kiasi alitembea kwenda nyumbani polepole. Alikuwa ameshapima watu elfu kwa futi yake, na hakuwahi kumkatia mtu shati la mkono mmoja. Sasa amefanya hivyo kwa mdogo wake. Ilimchukua hadi kona ya nyumbani kwake kukubali kwamba hakukosea kuhesabu maiki. Alikosea kuhesabu watu, kosa lake lile lile la sahani na viti, ambalo wenzake walikuwa wanalicheka miaka yote na yeye akidhani ni mzaha. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichomsumbua zaidi. Dukani, alipoulizwa, hakusita hata kidogo.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini mapema, akarudi dukani na kisanduku ndani ya boksi lake. Juu ya kichwa cha muuzaji palikuwa na kibao: BIDHAA ILIYOUZWA HAIRUDISHWI. Alikuwa hajakiona mara ya kwanza.

"Najua hairudishwi," alisema.

"Hairudishwi," akakubali muuzaji, akifungua boksi na kukagua tundu, kitufe na waya. "Ila inabadilishwa, ikiwa mtu atanijibu vizuri. Wanaorekodi ni wangapi, mama?"

Bi Kiasi alitazama kioo cha meza. Unaweza kushangaa neno dogo namna hiyo linavyoweza kumlemea mtu mzima.

"Wawili."

"Nani na nani?"

"Mdogo wangu." Akapangusa kioo kwa kiganja, kama kitambaa. "Na mimi."

Muuzaji hakusema nilikwambia, na kwa hilo apewe haki yake. Alitoa kisanduku cha kati na maiki ya pili inayofanana na ile ya kwanza, Bi Kiasi akaongeza kilichotakiwa kuongezwa, kisha muuzaji akamwonyesha jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi. Maiki hizi, alisema, husikia kwa mbele. Kisogoni ni viziwi. Mkikaa sambamba zitawachanganya. Kaeni mtazamane, uso kwa uso, na kila maiki impe mwenzako kisogo. Hapo kila mmoja ataingia kwenye tundu lake, na kwenye kompyuta mtakuwa na mistari miwili, wa kwako na wa kwake. Ukitaka kupandisha mmoja unapandisha bila kumgusa mwingine. "Mkiimba kwenye maiki moja ni kama chai na maziwa," alisema. "Ukishachanganya hutoi tena."

"Uso kwa uso," akarudia Bi Kiasi. "Hivyo ndivyo tunavyoimba."

Mara ya pili kila kitu kilikuwa kile kile, mablanketi, madirisha, friji, isipokuwa maziwa, ambayo safari hii yalihamishiwa kwa jirani. Viti viwili vilitazamana na maiki mbili zikasimama katikati zikipeana kisogo. Shemeji alipachika waya, taa mbili zikawaka, na furaha yake ilikuwa ya kutosha matundu manane.

Dada hao wakakaa, wakatazamana, wakashindwa kuanza. Mikono ya Bi Kiasi ilikuwa inahangaika: ilishika magoti, ikakunja upindo wa gauni, ikaunyoosha. Mwalimu alimtazama kwa muda, akainuka, akaenda chumbani na kurudi na shuka. Akampa pembe mbili, akakaa na mbili zake. Hawakuwa na nafasi ya kuendeana wala kurudi nyuma, basi walilishikilia tu chini ya maiki, likakaza kidogo katikati yao.

"Linasikika likichakarika," akasema Shemeji, hedifoni masikioni.

"Acha lichakarike," akasema Bi Kiasi.

Wakaimba. Wimbo wa shuka, wa foronya, wa vitambaa vya meza. Mwalimu alichoka katikati, wakapumzika, wakaendelea. Ule wa mataulo waliuimba mwishoni, na Shemeji, aliyekuwa hajawahi kuyasikia maneno yake yote, aliziba mdomo kwa mkono ili asiuharibu. Taa mbili zilikuwa kijani. Zilipowaka nyekundu ilikuwa kwa sababu ya mgeni mchoyo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Uvimbe ulitoka, pumzi ikarudi, kovu likakaa kama mkufu mwembamba ambao Mwalimu alikataa kuuficha kwa skafu, kwa sababu watoto wake wa darasani walitaka kuuona na kuugusa. Sauti ya kuongea ilirudi kidogo kidogo, ikiwa na mchanga ndani yake. Ya kuimba aliijaribu mara moja tu, akiwa jikoni na dada yake, wakati wa kuosha vyombo. Bi Kiasi alianza, Mwalimu akafungua mdomo, sauti ikapanda kidogo na kukatika kama uzi. Akaweka kikombe chini. "Basi," akasema, na wakaendelea kuosha. Daktari alisema huenda muda ukasaidia, huenda usisaidie.

Kwa hiyo Bi Kiasi aliishikilia ile rekodi ya kwenye kompyuta kama mtu anavyoishikilia akiba. Alijiambia kwamba angalau ipo. Siku mdogo wake atakapokuwa tayari, ataketi, atafungua, atajisikia alivyokuwa, na hakuna kisu kitakachofika pale. Hakumharakisha.

Jioni moja alipitia huko akitoka kazini, nyuzi bado zimemganda kwenye mikono ya gauni. Mlango ulikuwa wazi. Akiwa kwenye korido akasikia mtu anaimba kule chumbani. Mwanamke, sauti nene, imetulia, haina haraka. Wimbo aliujua. Mwimbaji hakumjua.

Alimkuta Mwalimu amekaa mbele ya kompyuta, kiwiko mezani, shavu kiganjani.

"Nani huyo?" akauliza Bi Kiasi.

"Karibu, Dada. Kaa."

"Nani anaimba wimbo wa mama?"

"Wewe."

Bi Kiasi akasimama pale pale. Mtu hukaa na sauti yake maisha yake yote na bado akikutana nayo nje anaweza kuipita bila kuisalimu. Alitazama kioo cha kompyuta. Mistari ilikuwa miwili, mmoja wa kijani unaotetemeka, mwingine umefifia, wa kijivu.

"Na huo?"

"Huo ni mimi. Nimejizima." Mwalimu aliongea chinichini, kwa kulilinda koo lake. "Shemeji yako alinionyesha. Unabonyeza hapa."

"Umejizima," akasema Bi Kiasi. "Tumezunguka na kisanduku, tumerudi dukani, tumemwaga maziwa ya watu, ili wewe ubaki. Na wewe unajizima. Jiwashe."

"Yangu naijua. Nimeishi nayo." Akavuta kiti cha pili kikawa karibu na chake. "Yako sijawahi kuisikia, Dada. Hata siku moja. Tangu niko mdogo, ukifungua mdomo na mimi nafungua. Kaa, basi."

Bi Kiasi akakaa. Wimbo uliendelea, na nyuma yake, kwa mbali, kwa kuwa maiki hata zikiwa viziwi kisogoni hazikosi kuokota kidogo, palikuwa na kivuli cha sauti ya pili, na shuka likichakarika.

"Hapa," akasema Mwalimu, akiinua kidole. Sauti ilinyamaza, kisha ikaendelea. "Na hapa tena. Kila mwisho wa mstari unanyamaza. Mwanzo nilidhani kisanduku kina kasoro. Unafanya nini hapo?"

Bi Kiasi alisikiliza hadi mstari uliofuata, akakisikia kile kimya, na akajua. Hakuwahi kulifikiria, mikono ilikuwa inajua.

"Nakungoja," akasema.

"Unaningoja nifanye nini?"

"Uvute pumzi." Akatoa uzi mmoja kwenye mkono wa gauni, akauzungusha kidoleni. "Ulikuwa mfupi. Mashuka yale yalikuwa marefu, mimi natembea, wewe unakimbia na pembe zako. Ulikuwa unafika kwangu unahema. Ningeendelea ungeanguka."

 Macho ya Mwalimu yalikuwa yamejaa maji na hakuyafuta, na ya dada yake yalikuwa hivyo hivyo. Mwalimu akaurudisha wimbo mwanzo, akaweka mikono mapajani, akaketi wima kama siku ile.

Mstari wa kwanza ukaisha. Kikaja kile kimya, na ndani yake Mwalimu akavuta pumzi, mahali pake hasa. Sauti kwenye spika ilimngoja akamaliza, kisha ikaendelea.